Kurejewa na fahamu si kupona: familia zifundishwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo huguswa juu juu kila inapoandikwa habari ya ajali. Msomaji huarifiwa kwamba majeruhi aliumia vibaya kichwani na kwamba amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi akiwa hajitambui. Baada ya majuma machache, ikiwa habari ni njema, huarifiwa tena kwamba amerejewa na fahamu na ameruhusiwa kurudi nyumbani. Hapo habari huishia. Kwa familia, hapo ndipo kazi inapoanza, na mara nyingi huanza bila mtu yeyote kuwaeleza ni kazi ya namna gani. Ninaandika nikiwa mtu ambaye kwa miaka kadhaa nimeshirikiana na jamaa zangu kumuuguza kaka yetu, aliyeamka asubuhi akiwa mzima na jioni yake akawa anapumua kwa mashine. Hoja yangu ni moja: hospitali isimruhusu mgonjwa wa jeraha kali la ubongo kabla haijawafundisha wale watakaomtunza, na sisi tulio nje ya hospitali, yaani ndugu, marafiki, waajiri na waandishi wa habari, tuache kuihesabu siku ya kuruhusiwa kuwa siku ya kupona.

Watu wengi hudhani kwamba fahamu hurudi kwa mkupuo, mgonjwa akafumbua macho, akamtaja mama yake kwa jina na kuuliza yuko wapi. Kwa jeraha kali haiwi hivyo. Tangu mwaka 1974 madaktari wamekuwa wakitumia kipimo kilichobuniwa katika mji wa Glasgow, Scotland, na Graham Teasdale pamoja na Bryan Jennett, ambacho hutoa alama kwa mambo matatu: jinsi mgonjwa anavyofumbua macho, jinsi anavyosema na jinsi anavyojongeza viungo. Jumla ya chini kabisa ni 3 na ya juu kabisa ni 15, na anayepata 8 au pungufu huhesabiwa kuwa ameumia vikali. Katika alama hizo, macho yana 4 tu, usemi una 5 na viungo vina 6, na jamaa akielezwa hesabu hiyo ataelewa mara moja kwa nini daktari hakufurahi sana siku macho yalipofumbuka. Mtu anaweza kuwa macho mchana na kulala usiku na bado asitambue lolote linalomzunguka. Kisha, pengine baada ya majuma, akaanza kumfuata kwa macho anayepita mbele yake. Kisha akabana kidole cha muuguzi alipoambiwa abane, na kesho yake ashindwe. Kuyumba huko ni kwa kawaida, ingawa kwa anayekesha kando ya kitanda kila kesho ya namna hiyo ni msiba mpya.

Baada ya hapo huja kipindi ambacho familia nyingi hukisimulia kwa minong'ono, nacho ndicho kinachohitaji kusemwa waziwazi. Mgonjwa aliyekuwa kimya huanza kuhangaika. Hung'oa mirija, hutukana, humpiga anayemwosha, hutaka kuondoka usiku wa manane kwenda kazini, na lolote aliloelezwa asubuhi huwa limefutika ifikapo adhuhuri. Ubongo wake katika siku hizo hauwezi kuhifadhi kumbukumbu mpya, na madaktari hutumia urefu wa kipindi hicho, pamoja na vipimo vingine, kukadiria uzito wa jeraha: kikipita siku moja jeraha si dogo tena, na kikifika majuma kadhaa familia ijiandae kwa safari ndefu. Mama anayetukanwa na mwanawe aliyemlea kwa adabu anastahili kuambiwa palepale, na mtu aliyevaa sare ya hospitali, kwamba hii ni hatua inayojulikana, kwamba matusi hayo hayatoki katika chuki iliyokuwa imefichwa, na kwamba kwa wagonjwa wengi hupita. Katika wodi aliyolazwa kaka yangu hakuna aliyetuambia. Tuliambiwa tu tumtulize.

Na hapa niseme kuhusu wageni, kwa kuwa wageni huja kwa upendo na huondoka wakiwa wamemchosha mgonjwa kupita kiasi. Wanaingia watano kwa pamoja, wanazunguka kitanda, na kila mmoja anauliza swali lilelile: «Unanijua? Mimi ni nani?» Asipojibu, wanatazamana, akikosea jina, mmoja anatoka nje akilia, na mgonjwa anamwona. Nilikuwa nikimtazama kaka yangu katika mitihani hiyo. Alikuwa akiitazama midomo yao, anakunja uso, anatokwa na jasho kwenye paji, na mwishowe alijenga tabia ya kujibu «ndiyo» kwa kila swali, hata lile lililohitaji jina, kwa sababu ndiyo ilikuwa ikiwaridhisha watu na kumletea mapumziko. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, ambaye nitamshukuru maisha yangu yote, ndiye aliyetuonyesha njia nyingine. Aliingia, akasimama mahali ambapo mgonjwa angeweza kumwona bila kugeuza shingo, akataja jina lake mwenyewe, akamwambia ni usiku, yuko hospitalini, aliumia kichwa, na sasa anambadilishia shuka. Hakuuliza kitu. Alisema sentensi moja, akangoja, kisha akasema nyingine.

Tangu usiku huo tulibandika sharti letu mlangoni: wageni wawili tu kwa wakati mmoja, kwa muda mfupi, redio imezimwa, mtu mmoja azungumze na wengine wanyamaze, na kila anayeingia ajitaje jina. Tuliandika kwa herufi kubwa siku, tarehe na mahali, tukabandika ukutani mbele ya macho yake, tukabadilisha kila asubuhi. Mambo haya hayana gharama. Ubongo ulioumia hushindwa kuchuja sauti, mwanga na mazungumzo kama ulivyokuwa ukichuja zamani, kwa hiyo chumba ambacho kwetu ni changamfu, kwa mgonjwa ni vurugu, na mgonjwa aliyezidiwa na vurugu ama hujifunga ama hulipuka. Wala asiyefahamu bado asisahauliwe: azungumzwe naye kwa sauti ya kawaida, na yasizungumzwe mbele yake mambo ya kukata tamaa au ya kugombania mali yake, kwa sababu hakuna aliye kando ya kitanda kile anayeweza kujua kwa hakika anasikia kiasi gani.

Kuhusu siku ya kuruhusiwa, sisi tulikabidhiwa karatasi yenye majina ya dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Hayakusemwa mengine, na mengine hayo ndiyo yanayoua au yanayolemaza. Mgonjwa aliyeumia ubongo anaweza kumeza vibaya bila hata kukohoa, chakula au maji yakaingia katika njia ya hewa na kuleta homa ya mapafu. Kwa hiyo anayemlisha afundishwe namna ya kumketisha wima, ukubwa wa tonge na dalili za kupaliwa kimyakimya, kama vile sauti kuwa na majimaji baada ya kumeza. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa chache, mchana na usiku, asije akapata vidonda vya kulalia. Viungo vilivyokakamaa vinyooshwe taratibu kila siku kwa namna ambayo mtaalamu wa viungo ameionyesha kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu mkono uliojikunja kwa miezi kadhaa unaweza usinyooke tena. Kifafa kinaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya jeraha, na dawa zake hazikatizwi ghafla kwa sababu mgonjwa anaonekana mzima. Aliyetolewa kipande cha fuvu katika upasuaji alindwe upande ule hadi utakapozibwa. Na mgonjwa aliyekuwa akipiga hatua, kisha akaanza kusinzia kupita kawaida, kuyumba anapotembea au kushindwa kuzuia mkojo, arudishwe hospitalini bila kungoja tarehe ya kliniki, kwa sababu huenda maji yanajikusanya ndani ya ubongo, na hilo lina tiba. Muuguzi mwenye nusu saa anaweza kuyafundisha haya yote, akamtaka jamaa ayarudie mbele yake kwa vitendo. Naona ni aibu kwamba tunafundishwa kwa makini namna ya kupaka dawa kwenye kidonda cha mshono na tunaachwa gizani kuhusu kiungo kilichobeba utu wa mtu.

Hata hivyo yanayoonekana ndiyo mepesi. Jirani akimwona kaka yangu leo anatembea kwa miguu yake, anasalimia vizuri, kovu limefunikwa na nywele, husema amepona kabisa na kuuliza kwa nini basi hafanyi kazi. Swali hilo limetuumiza kuliko kitu kingine chochote. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo huumia kwa urahisi kichwa kinapogongwa, ndiyo inayotuwezesha kupanga, kuanza jambo, kulikatiza, kujizuia hasira na kujiona wenyewe kama wengine wanavyotuona. Ilianza kueleweka hivyo tangu mwaka 1848, pale msimamizi wa ujenzi wa reli aliyeitwa Phineas Gage, huko Vermont nchini Marekani, alipopenywa kichwani na nondo ya chuma yenye urefu unaozidi mita moja na uzito wa kilo 6 hivi. Alinusurika, akatembea na kuzungumza, lakini daktari wake aliandika kwamba rafiki zake walimwona si yule waliyemjua. Kisa hicho husimuliwa sana hadi hapo tu, na kwa maoni yangu huachiwa njiani, kwa sababu baadaye Gage alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, na wapo watafiti wanaoona kwamba kazi ile yenye ratiba isiyobadilika ilimsaidia kurudi katika hali ya kujimudu. Alifariki mwaka 1860.

Niliwahi kumkuta kaka yangu ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja ndani ya shati na mwingine nje, akiutazama ule ulio nje bila kuusogeza. Alikuwa amekaa hivyo muda mrefu. Mikono yake ilikuwa na nguvu, shati alilijua, na alitaka kuvaa. Kilichokosekana ni ile amri ya ndani inayomsukuma mtu kutoka hatua moja hadi nyingine. Nilimgusa bega nikamwambia, «Kaka, sasa mkono wa pili,» na akauingiza, akafunga vifungo vyote kuanzia juu hadi chini bila msaada. Mtu asiyeelewa angemwita mvivu, na mwingine, kwa huruma, angemvalisha. Wote wawili wangemkosea. Msaada aliouhitaji ulikuwa maneno matano, na kadiri miezi ilivyopita yakawa mawili, kisha ikatosha kumtazama.

Lipo pia jambo ambalo familia huliona kama ukaidi, nalo ni mgonjwa kutojua kwamba ana kasoro. Atasisitiza kwamba anaweza kuendesha gari, kusimamia fedha zake, kurudi kazini kesho, na ukimkumbusha yaliyotokea jana atakuambia umeyatunga. Huyu hadanganyi. Sehemu ile ambayo ingempa taarifa kuhusu upungufu wake ndiyo iliyoumia, na kubishana naye ni kumgombeza kwa jambo asiloweza kuliona. Sisi tuliona nafuu tulipoacha kubishana, tukawa tunampa jambo dogo la kujaribu mahali salama na kumwachia matokeo yaseme. Lakini katika mambo ya hatari hakuna majaribio: gari lisubiri kibali cha daktari, pombe iachwe, na kichwa kilindwe dhidi ya kipigo cha pili. Aliyepoteza uwezo wa kunusa, na wako wengi baada ya jeraha la kichwa, asiachwe peke yake na jiko, kwa kuwa hatasikia harufu ya gesi wala ya kitu kinachoungua.

Uchovu wake nao hauelezeki kwa kipimo cha uchovu wetu. Mazungumzo ya nusu saa yanaweza kumlaza mchana kutwa. Kwa hiyo shughuli nzito kwake, iwe mazoezi, kusoma au kupokea mgeni, iwekwe saa ile anapokuwa na nguvu zaidi, na mapumziko yapangwe kabla hajachoka. Katika kujifunza upya, afundishwe jambo moja kwa njia ileile kila siku, aongozwe asikosee tangu mwanzo badala ya kuachwa akisie, kwa sababu mwenye kumbukumbu dhaifu anaweza kulishika kosa akasahau sahihisho. Daftari la mfukoni, kengele ya simu na kila kitu kuwekwa mahali pake pasipobadilika vimemsaidia kaka yangu kuliko kuulizwa mara kwa mara kama anakumbuka. Aliyepoteza usemi apewe muda wa kutafuta neno, na asimaliziwe kila sentensi. Wengi wao wanaelewa zaidi ya wanavyoweza kusema, na kuzungumza nao kama watoto wachanga ni kuwaongezea jeraha.

Familia huuliza: itachukua muda gani? Mwendo wa haraka huonekana zaidi katika miezi 6 ya kwanza, jambo ambalo limewafanya baadhi ya watu, hata wa hospitali, kusema kwamba baada ya hapo au baada ya mwaka hakuna tena la kutarajia. Si kweli, mwendo hupungua kasi, lakini watu wameendelea kupata uwezo mpya baada ya miaka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa ambao majuma mawili baada ya kuumia walikuwa bado hawana dalili yoyote ya kujitambua, zaidi ya robo tatu walikuwa wamerejewa na fahamu kabla ya mwaka kwisha. Nataja matokeo hayo kwa tahadhari, kwa sababu kati yao waliofikia kutambua vizuri mahali walipo na wakati uliopo walikuwa wachache zaidi, na wapo ambao hawatarudi walivyokuwa hata wakitunzwa kwa namna iliyo bora kabisa. Familia yao haijashindwa. Daktari anayesema «ni mapema mno kujua» anasema kweli, na ningependa asikike akisema hivyo mara nyingi zaidi kuliko anayetoa hukumu siku ya tatu.

Anayeuguza naye anaugua. Katika familia nyingi mzigo wote humwangukia mtu mmoja, kwa kawaida mke, mama au dada, ambaye huacha kazi yake, hulala kwa vipande, na hana ruhusa ya kulia kwa sababu mgonjwa wake yu hai na watu wanamwambia ashukuru. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo tunavyouona tukiwa mbali. Huzuni ya kumkosa mtu ambaye bado ameketi mbele yako ni huzuni halali. Anayetaka kusaidia asiseme «ukihitaji kitu niambie», kwa kuwa aliyechoka hana nguvu ya kupanga maombi. Aseme «Jumamosi nitakaa naye kuanzia asubuhi hadi saa nane, wewe ulale», na Jumamosi afike. Marafiki hujaa mwezi wa kwanza na kutoweka mwezi wa sita, ilhali mwezi wa sita ndio mgonjwa anaanza kuelewa alichopoteza, na ndipo sonona humnyemelea. Waajiri nao wajue kwamba kurudi kazini kwa saa chache, kwa kazi moja kwa wakati mmoja na mahali patulivu, kunawezekana kwa baadhi ya watu hawa, na kwamba kumrudisha kwa mzigo wote siku ya kwanza ni kumwandalia kushindwa.

Haya si maombi ya hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, katika Ibara ya 26 unazitaka nchi zilizouridhia kuandaa huduma za utengamao, yaani za kumsaidia mtu kurejesha uwezo wake na kujimudu, zinazoanza mapema iwezekanavyo na kutolewa karibu na watu wanapoishi, na Shirika la Afya Duniani lilianza mwaka 2017 kuzihimiza serikali kuziingiza huduma hizo katika mfumo wa kawaida wa afya. Mahali ambapo wataalamu ni wachache, familia iliyofundishwa ndiyo inayoziba pengo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuifundisha vizuri, kwa maandishi yenye picha, kwa vitendo, na kwa kuipa namba ya kupiga itakapokwama usiku.

Kwa gazeti lako, Mhariri, nina ombi moja mahususi. Kila mnapoandika kwamba majeruhi wa kichwa ameruhusiwa, wekeni tarehe katika shajara ya chumba cha habari, na baada ya mwaka mmoja, familia ikiridhia, mtumeni mwandishi akaulize nani anamtunza, nani alimfundisha, na ni huduma gani aliipata au aliikosa. Mhojini pia mgonjwa mwenyewe, kwa utulivu na kwa muda atakaouhitaji, hata kama atahitaji siku mbili kumaliza anachotaka kusema.

Msomaji wenu,
Mwuguzaji wa ndugu
(Jina limehifadhiwa kwa ajili ya faragha ya mgonjwa)